Somo: Michoro Saba ya Wales, Mmoja kwa Siku Hadi 1 Machi

Kila tarehe 1 Machi Wawelisi humkumbuka Dewi Sant, mtakatifu wao wa karne ya 6, na anayeombwa kuichora Wales siku hiyo kwa kawaida hukimbilia joka jekundu la bendera. Somo hili linapita njia nyingine. Kila siku tutachora kitu ambacho Wawelisi walikichonga, walikivaa, walikijenga au walikiandika, na tutakichora pamoja na kazi yake. Tunaanza tarehe 23 Februari ili mchoro wa saba uangukie siku ya mtakatifu mwenyewe. Katika mwaka mrefu tunaanza tarehe 24.

Hatua ya kwanza: vifaa na muda

Daftari lisilo na mistari, penseli ya HB, penseli ya 4B kwa vivuli, kifutio na saa vinatosha. Tenga dakika 20, na muda ukiisha weka penseli chini hata kama mchoro haujakamilika.

Hatua ya pili: sentensi ya pembeni

Kabla ya kuchora, andika pembeni mwa ukurasa sentensi moja inayoeleza kitu hicho kilitumiwa na nani na kwa kazi gani. Naomba hatua hii isirukwe. Nimesahihisha michoro mingi ya wanafunzi, na mara nyingi kosa hutokea pale pale ambapo mchoraji hajui kitu kinashikwaje au kinabeba uzito gani.

Hatua ya tatu: michoro yenyewe

*Siku ya 1, kijiko cha mapenzi.* Kijana wa Kiwelisi aliyempenda msichana alimchongea kijiko cha mti na kumpelekea. Katika jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, kipo kimoja chenye mwaka 1667. Kijiko hukatwa kutoka kipande kimoja cha mti, na hata mnyororo unaoning'inia kwenye mpini, wenye pete zinazocheza huru, umechongwa humo humo bila kuungwa popote. Baadhi ya vijiko vina kizimba kidogo chenye vigololi ndani, navyo vilichongwa vikiwa tayari vimefungiwa. Chora kwanza umbo la gogo zima kwa HB, kisha lipunguze kidogo kidogo kama mchongaji alivyofanya, ukiyatia giza yale mapengo ambamo mti uliondolewa. Ukianza na mapambo, kijiko kitaonekana kama kimegandishwa vipande vipande, na ustadi wote wa yule kijana utakuwa umepotea.

*Siku ya 2, daraja la maji la Pontcysyllte.* Thomas Telford aliuvusha mfereji wa mashua juu ya mto Dee kwa karai la chuma lililowekwa juu ya nguzo za mawe. Kazi hiyo ilifunguliwa mwaka 1805. Ina urefu wa mita 307 na kimo cha mita 38 hivi. Usichore nguzo. Chora anga inayoonekana kati ya nguzo, nazo zitajitokeza zenyewe zikiwa nyembamba inavyostahili.

*Siku ya 3, shali ya kubebea mtoto.* Mama wa Kiwelisi alimfunga mtoto kwa shali kubwa iliyozunguka kiwiliwili chake, mtoto akilala kifuani au ubavuni, na mkono mmoja wa mama ukibaki huru kwa kazi. Msomaji aliyelelewa kwenye mbeleko atauelewa mchoro huu kwa mwili wake. Fanya michoro mitano ya dakika mbili mbili, na katika kila mmoja tafuta mstari mmoja tu: ule unaotoka begani na kushuka kwenye uzito wa mtoto.

*Siku ya 4, kiti cheusi.* Eisteddfod ni mashindano ya mashairi na muziki, na mshindi wa shairi la arudhi za kale hupewa kiti kilichochongwa kwa ajili yake. Mwaka 1917, huko Birkenhead, jina la kupanga la mshindi liliitwa na hakuna aliyesimama. Ndipo ikatangazwa kwamba mshairi huyo, Hedd Wyn, mkulima kutoka Trawsfynydd, alikuwa ameuawa vitani tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Leo kiko Yr Ysgwrn, shamba la familia yake. Kimejaa nakshi, lakini naomba mzipe dakika tano tu za mwisho. Dakika kumi na tano za mwanzo ziwe za kivuli kilicho juu ya kikalio, mahali ambapo hakuna mtu aliyeketi siku ile.

*Siku ya 5, Mari Lwyd.* Wakati wa Krismasi na mwaka mpya, fuvu la farasi lililotiwa utepe hubebwa juu ya mti, mbebaji akiwa amejificha chini ya shuka jeupe. Kundi hupiga hodi kwa mashairi, wenye nyumba hujibu kwa mashairi kutoka ndani. Mikunjo ya shuka ianzie pale linaposhikiliwa na fuvu.

*Siku ya 6, ukuta wa Tryweryn.* Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, katika bonde la Tryweryn, kilifunikwa na maji ya bwawa lililojengwa ili mji wa Liverpool upate maji. Karibu na Llanrhystud, kwenye ukuta wa nyumba ya mawe iliyobomoka, yameandikwa maneno «Cofiwch Dryweryn», yaani «Kumbukeni Tryweryn». Chora mawe kwanza, kisha herufi zifuate mabonde na vilima vya mawe hayo.

*Siku ya 7, narisi.* Ni ua ambalo Wawelisi hulivaa siku ya Dewi Sant: petali sita na kikombe katikati. Anza na duara bapa la mdomo wa kikombe, maana likikosewa ua zima litatazama upande usio wake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona jina la bonde linaanza na T, ukutani likaanza na D?*
Si kosa la mwandishi. Katika Kiwelisi, sauti ya kwanza ya neno hubadilika kufuatana na neno lililotangulia au muundo wa sentensi. Sisi pia husema «mti mrefu» na «njia ndefu» bila kushangaa. Nakili herufi kama zilivyo.

*Sijafika Wales. Je, nichore kutoka kwenye picha?*
Ndiyo, lakini tumia picha tatu au zaidi za kitu kimoja, zilizopigwa kutoka pande tofauti, ili usinakili kazi ya mpiga picha. Makumbusho ya taifa ya Wales na Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth zimeweka mkusanyo mkubwa wa picha kwenye intaneti.

*Niko Mombasa. Kwa nini ngome ya Conwy haimo, ilhali ni maarufu?*
Ngome hiyo yenye minara minane ilijengwa kati ya 1283 na 1287 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, ili kuwashikilia Wawelisi aliokuwa amewashinda. Unaweza kuichora, kama wewe unavyoweza kuchora Fort Jesus ya Wareno. Ila sentensi ya pembeni iseme ukweli kuhusu aliyeijenga na sababu yake. Kwa siku saba tu, nimechagua kuwapa nafasi wachonga vijiko.

*Pete za mnyororo wa kijiko zinanishinda.*
Chora kila pete nzima, hata sehemu iliyofichika nyuma ya mwenzake, kisha futa kile kisichoonekana. Kivuli kizito kiwe pale pete mbili zinapogusana.

*Nimekosa siku mbili. Je, nichore mitatu leo?*
Hapana, chora wa leo. Acha kurasa mbili tupu zenye tarehe zake, uzijaze baada ya 1 Machi. Ikiwa mmoja wapo ni Mari Lwyd, unaweza hata kungoja hadi Desemba, msimu wake wenyewe.