Jinsi ya Kutunza Kidonda cha Mbwa na Kumzuia Asikigugune Hadi Kipone

Vidonda vingi vya mbwa ninavyoletewa kwa mara ya pili huwa havikuharibiwa na uchafu wala na dawa isiyofaa, bali na ulimi na meno ya mbwa mwenyewe. Mshono uliokaa vizuri mchana kutwa unaweza kufumuliwa kwa dakika chache za usiku, watu wakiwa wamelala, na jeraha ambalo lingefunga ndani ya wiki mbili likageuka kidonda kipana cha kuuguzwa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo nitaeleza kwa ufupi namna ya kusafisha na kufunga jeraha, kisha nitakaa zaidi kwenye kazi iliyo ngumu kuliko zote, yaani kumzuia mbwa asijilambe wala asijigugune hadi ngozi ikomae.

Wapo wanaoamini kwamba mate ya mbwa ni dawa, na kwamba akijilamba anajitibu. Ni kweli kuwa mate hayo yana viambato vinavyoweza kuua baadhi ya bakteria, lakini kinywa hichohicho kimejaa bakteria wengine, na ulimi unaopita tena na tena juu ya jeraha huliloanisha na kukwangua nyama changa ambayo mwili umeanza kuijenga. Baada ya ulimi huja meno, na hapo ndipo nyuzi hung'olewa.

Hatua ya 1: Mdhibiti mbwa kabla ya kugusa jeraha

Mbwa mpole kuliko wote anaweza kumng'ata anayempenda akiwa na maumivu. Chukua bandeji laini ndefu, ipitishe juu ya pua na kinywa, ifunge fundo chini ya kidevu, kisha vuta ncha zake hadi nyuma ya masikio na uzifunge kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au mwenye pua fupi iliyobonyea. Vaa glovu, na kama jeraha limetokana na kuumwa na mnyama usiyemfahamu, kumbuka kwamba kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate: mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo pamoja na kumbukumbu zake za chanjo. Ikiwa wewe mwenyewe umeng'atwa, au mate yake yamegusa mchubuko wako, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha uende hospitali bila kuchelewa.

Hatua ya 2: Zuia damu, kisha amua kama jeraha ni la nyumbani

Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa mkono kwa dakika 5 mfululizo bila kufunua kuchungulia, kwa sababu kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Damu inayoruka kwa mapigo, au isiyokoma baada ya dakika 10, inahitaji daktari mara moja, nawe uendelee kukandamiza njiani.

Majeraha mengine ya kupeleka kwa daktari ni yale yaliyopanuka hadi unaona nyama au mfupa, yaliyo karibu na jicho au kwenye kiungo, yaliyoingia kifuani au tumboni, na yote yaliyotokana na meno. Hili la mwisho nalisisitiza. Tundu dogo la jino linaweza kuonekana si kitu, kumbe chini yake ngozi imetenganishwa na misuli na bakteria wamepandwa ndani kabisa, kisha tundu likajifunga juu na usaha ukajikusanya chini. Kinachobaki cha kutunzwa nyumbani ni michubuko, mikwaruzo, mipasuko midogo isiyopita ngozi, na majeraha ambayo daktari amekwisha kuyashona.

Hatua ya 3: Safisha bila kuunguza

Paka jeli inayoyeyuka katika maji juu ya jeraha, kisha punguza manyoya ya pembeni kwa mkasi. Nywele zitanasa kwenye jeli badala ya kuingia ndani, na zote zitatoka pamoja ukiosha. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, na utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika kila nusu lita. Vuta maji hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 20 likipatikana, na uyarushe juu ya jeraha hadi uchafu wote utoke. Jeraha lililoshonwa halirushiwi maji. Futa tu pembeni mwake taratibu kwa shashi yenye unyevu.

Ukipenda kutumia dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini ya asilimia 2 ichanganywe kipimo kimoja kwa vipimo 40 vya maji, na povidoni-iodini ipunguzwe hadi iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi usizitumie: huua chembechembe hai zilezile zinazojenga ngozi mpya. Usipake krimu zenye oksidi ya zinki, kwa kuwa mbwa akizilamba zinamdhuru, na usimpe kamwe dawa za maumivu za binadamu kama parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki. Mbwa wamekufa kwa dawa hizo zilizotolewa kwa nia njema.

Hatua ya 4: Funga, au acha wazi

Mchubuko mdogo na mshono mkavu huweza kuachwa wazi mahali pasipo na inzi. Jeraha la mguuni linalogusa ardhi hufungwa: kwanza shashi isiyoganda kwenye kidonda, kisha tabaka la pamba, mwishoni bandeji ya kunyumbulika isiyovutwa kwa nguvu. Anza kwenye vidole na upande juu, ukiacha kucha mbili za kati zionekane, kwa maana hizo ndizo zitakazokueleza hali ya mguu. Zitazame asubuhi na jioni. Zikianza kuachana, vidole vimevimba. Vidole vikiwa baridi, bandeji imebana damu, nayo lazima ifunguliwe saa hiyohiyo. Bandeji iliyolowa hubadilishwa hata kama imefungwa muda mfupi uliopita. Mfuko wa plastiki unafaa wakati wa kutoka nje tu, kisha uvuliwe, kwa sababu jasho na unyevu hulainisha ngozi iliyo ndani.

Hatua ya 5: Mzuie kabla hajaanza

Kizuizi huwekwa kabla mbwa hajajilamba mara ya kwanza. Akishazoea ladha na nafuu anayoipata kwa kujilamba, itakulazimu kupambana na jeraha na mazoea kwa pamoja.

Kinga ninayoiamini zaidi ni kola ya plastiki yenye umbo la koni. Ukingo wake upite ncha ya pua kwa sentimita 2 au 3, na shingoni vidole viwili viingie bila kulazimisha. Koni fupi ni kasoro ninayokutana nayo mara kwa mara: mbwa anakunja mwili, anaufikia mguu wa nyuma, na mwenye mbwa anashangaa kidonda kimelowaje ilhali kola ipo shingoni. Mara tu baada ya kumvalisha, kaa umtazame akijaribu kukifikia kidonda kwa kila mkao, akiwa amesimama, ameketi na amelala ubavu.

Saa za mwanzo atagonga milango, atasimama kama aliyeganda, au atakutazama kwa huzuni. Hapo ndipo wengi huingiwa na huruma na kuivua. Nawasihi msiivue. Mbwa wengi huizoea baada ya siku chache ikiwa haivuliwi na kuvaliwa ovyo. Inua bakuli lake la chakula na la maji, na uchague bakuli jembamba kuliko mdomo wa koni. Akikataa kabisa kula, ivue ukiwa umeketi naye, kisha umrudishie kabla hujainuka. Usiku abaki nayo. Kila siku ioshe, uikaushe, na uangalie kama haijamchubua shingo.

Ziko kinga nyingine, ila kila moja ina mipaka yake. Pete ya kujazwa hewa humstarehesha, lakini haizuii mdomo kufika kwenye nyayo wala ncha ya mkia. Fulana ya pamba hufunika vizuri jeraha la kifuani au ubavuni, miguu ya mbele ikipitishwa mikononi mwake na pindo likifungwa juu ya mgongo. Soksi hufaa kwa mguu, lakini isizuiliwe kwa mpira wa kubana. Dawa chungu za kupulizia hupakwa juu ya bandeji tu, na mbwa wengine hawazijali. Pilipili isitumike hata kidogo, kwani huunguza kidonda na macho.

Mbwa asiye na la kufanya hujilamba zaidi. Kwa kuwa kukimbia na kuruka kumekatazwa, mtembeze kwa kamba taratibu, na umfichie vipande vya chakula chake avitafute kwa kunusa.

Hatua ya 6: Kagua kila siku

Wekundu kidogo, uvimbe mdogo na majimaji mepesi katika siku za mwanzo ni vya kawaida. Baadaye utaona nyama changa ya waridi inayotoa damu kwa urahisi, na hiyo ni dalili njema, usiisugue. Rudi kwa daktari ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe unaoongezeka, kingo za mshono zinazoachana, au joto la mwili, likipimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, limepita nyuzi 39.5. Angalia pia mayai meupe ya inzi kwenye manyoya, kwa kuwa huweza kuanguliwa na kuwa funza ndani ya siku moja.

Mbwa aliyekuwa ametulia akianza ghafla kukihangaikia kidonda, usimkemee. Fungua uangalie: mara nyingi kuna uzi unaobana, usaha unaojikusanya, au bandeji iliyolowa.

Nyuzi za ngozi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, lakini kutolewa nyuzi si siku ya kuvua kola. Kovu changa huwasha. Mwachie siku mbili au tatu zaidi, kisha mvue ukiwa naye, kwanza kwa muda mfupi mchana, na usiku iwe ya mwisho. Akiendelea kulamba mahali palepale, hasa mbele ya mguu wa mbele, hadi nywele zinanyonyoka na ngozi inakuwa nene, mrudishie kola na umpeleke kwa daktari, kwani kidonda cha kulamba kwa mazoea hutibiwa kwa kutafuta kinachomsukuma, iwe ni mzio, maumivu ya kiungo au upweke.