Kumfuata tarishi wa Il Postino: Procida asubuhi, Pollara jioni

Nilifanya kazi posta miaka kumi na saba, dirisha la vifurushi, na sikuwahi hata siku moja kumpelekea mtu barua mlangoni kwake. Pengine ndiyo maana Il Postino iliniingia mpaka kwenye mifupa. Ni filamu ya 1994. Tarishi Mario Ruoppolo, aliyechezwa na Massimo Troisi, ana mteja mmoja tu kisiwani, naye ni mshairi wa Chile, Pablo Neruda, aliye uhamishoni. Kila siku Mario anapanda kilima kwa baiskeli kumpelekea barua zake. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyothubutu kukiri mbele ya mke wangu. Mwishowe nikafunga safari, na tangu nirudi kila mtu ananiuliza aanzie wapi.

Anza kwa kuelewa kwamba kisiwa cha kwenye filamu hakipo. Ni visiwa viwili vilivyoungwa kwenye meza ya mhariri. Kijiji cha wavuvi na mgahawa wa Beatrice, msichana anayependwa na Mario, viko Procida, mbele ya Napoli. Nyumba ya Neruda iko Pollara, kwenye kisiwa cha Salina, kaskazini ya Sicilia. Mario anatoka mahali pamoja na kufumba na kufumbua yuko pengine. Wewe itakuchukua siku nzima, na upepo ukikataa, siku mbili. Wala usiwaulize wenyeji chumba alicholala Neruda. Riwaya iliyozaa filamu hii kisa chake kiko Chile, na Neruda wa kweli, alipokaa Italia mwaka 1952, alikaa Capri.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, tazama filamu upya ukiwa na daftari. Simamisha picha kila mara Mario anapokuwa nje. Andika kuna nini kushoto, kuna nini kulia, na kivuli kimelalia upande gani. Nyumba zilizobanana, zenye matao na ngazi za nje, ni Procida. Mlima mkavu, genge linaloporomokea baharini na hakuna mtu, hiyo ni Salina. Kivuli kitakusaidia kukisia saa ya kwenda: ukifika mahali sahihi kwa saa isiyo sahihi, utapiga picha ya ukuta tu.

Kuna jingine la kuandika kwenye daftari, nalo lilinichoma. Troisi alikuwa mgonjwa sana wa moyo wakati wa kupiga picha. Sehemu nyingi anazoonekana kwa mbali akikanyaga baiskeli si yeye, ni mtu aliyewekwa badala yake. Alifariki tarehe 4 Juni 1994, saa chache baada ya kazi kuu ya upigaji picha kwisha, akiwa na miaka 41. Mimi nikaweka nyota kwenye kila picha ambamo uso wake unaonekana wazi. Nilitaka kusimama aliposimama yeye, si mbadala wake.

Makaratasi nayapitia haraka, maana hayana utamu. Visiwa vyote viwili ni Italia, basi viza ya Schengen unaiomba kwao. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yapelekwe si mapema kuliko miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Msimu mzuri ni Mei, Juni na Septemba. Katikati ya Agosti Waitaliano wote wanakuwa baharini, hutapata hata pa kutandika taulo. Wakati wa baridi Salina hufunga milango na boti hupungua.

Jifunze maneno mawili: aliscafo ni boti ya kasi, traghetto ni kivuko kikubwa chenye kubeba magari. Kutoka Napoli, aliscafo za Procida huondokea Molo Beverello na huchukua kama dakika arobaini. Traghetto huondokea Calata Porta di Massa na huchukua kama saa nzima. Ni gati mbili tofauti, basi angalia tiketi yako imeandikwa ipi kabla ya kuburuta sanduku.

Na hapa nikuonye kuhusu saa, maana ujinga huu ulikuwa wangu mwenyewe. Ratiba zao zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mimi niliona 07:00, nikaandika kwenye daftari "boti saa 7", nikalala. Kesho yake nikajisomea mwandiko wangu na kujiambia kumbe nina asubuhi nzima. Nikanywa kahawa mbili kwa mapozi. Boti ilikuwa imeondoka saa moja asubuhi. Tangu hapo naandika namba zao kama zilivyo, na pembeni saa yetu kwa maneno.

Procida ni kadogo, kilomita za mraba kama nne, na miguu inatosha ukiwa na subira na njia nyembamba ambamo pikipiki hazikupishi. Kutoka Marina Grande, bandari unayoshukia, panda njia ya kwenda Terra Murata, ile ngome ya zamani juu kabisa. Katikati ya mpando kuna kibaraza chenye mizinga miwili ya kale. Simama hapo asubuhi, jua likiwa mgongoni. Chini yako ni Corricella, kile kijiji cha wavuvi: waridi, manjano, buluu iliyofifia, ukuta mmoja umepandiana na mwingine mpaka huwezi kujua mlango wa huyu uko wapi na dari ya yule inaanzia wapi. Mimi nilikaa pale mpaka kivuli cha tao moja kikahama ngazi tatu. Nilizihesabu.

Kisha shuka. Corricella haifikiwi na gari, ni ngazi tu, na ndiyo maana imebaki kama ilivyo. Nyavu zimetandazwa gatini, paka wamelala juu yake, na mgahawa wenye jina la filamu bado upo ukingoni mwa maji. Kaa, agiza, kula. Lakini usishike meza kwa muda wa saa tatu na kikombe kimoja, ile ni biashara ya mtu. Alasiri nenda upande wa magharibi, chini ya makaburi, kwenye ufuo wa Pozzo Vecchio. Mchanga wake ni mweusi kwa sababu ya volkano, na siku hizi wanauita ufuo wa Postino. Ni mzuri, ila kukiwa na miavuli ya kukodi utahitaji kufumba jicho moja ili uione filamu.

Safari ya kati ya visiwa viwili watu huiogopa, mimi nasema ndiyo nusu ya raha. Panda treni Napoli kuelekea Sicilia. Ikifika Villa San Giovanni, mwisho wa bara, haisimami ikakuambia teremka. Inakatwa vipande, mabehewa yanasukumwa moja kwa moja ndani ya tumbo la meli kwenye reli zilizomo humo, na wewe umo ndani yake. Shuka behewani upande juu sitahani ukaone mlango wa bahari wa Messina. Ila kariri namba ya behewa lako kwanza, kwa sababu ukirudi chini utakuta mabehewa yamejipanga sambamba, yote rangi moja.

Ukishafika Sicilia, teremka Milazzo. Stesheni iko mbali kidogo na bandari, kwa hiyo panda basi. Aliscafo ya Salina huchukua takriban saa moja u nusu na kwa kawaida hupitia kisiwa cha Vulcano, ambako harufu ya kiberiti inakupokea kama mayai viza, kisha Lipari. Tiketi inaongezewa ada ndogo ya kushukia visiwani. Salina ina bandari mbili. Kwa ajili ya Pollara shukia Santa Marina, si Rinella.

Weka siku moja ya akiba hapa, nakusihi. Upepo ukivuma, aliscafo ndizo za kwanza kufutwa. Mimi nililala Milazzo usiku ambao sikuupanga, nikitazama mawimbi yakipiga gati na ubao wa ratiba ukiandika neno moja jekundu kila mstari. Kesho yake traghetto ikaondoka, taratibu, inayumba, lakini ikafika.

Kutoka Santa Marina kuna basi la Malfa, na kutoka Malfa jingine la Pollara, kwa barabara inayojisokota pembeni ya mlima. Swali la kwanza kumwuliza dereva ukishuka ni basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Pollara ni nusu ya kasoko ya volkano. Nusu nyingine ilishamezwa na bahari. Umesimama kama ndani ya bakuli lililovunjika, mashamba ya kapari, vichaka vyenye vitumba vya kuliwa, yanakuzunguka, na mbele ni maji tu na visiwa vya Filicudi na Alicudi. Hapa uje jioni, kwa sababu jua linazama huko huko mbele yako.

Nyumba ya Neruda ni mali ya mtu. Itazame kutoka njiani, ondoka. Nilimkuta jamaa mmoja amekalia ukuta miguu ikining'inia kwa ndani ili apigwe picha. Nikaona haya kwa niaba yake. Ufuoni unashuka kwa ngazi. Utaona vibanda vya mashua vilivyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Mawe huanguka kutoka gengeni, kwa hiyo soma vibao na usilale chini ya ukuta hata kama kivuli kinakuita.

Sasa, hiki ndicho nilichokwenda kukifanya. Mwishoni mwa filamu Mario anazunguka na mashine ya kurekodi, anamkusanyia Neruda sauti za kisiwa na kuzihesabu: mawimbi madogo, mawimbi makubwa, upepo wa gengeni, upepo wa vichakani, nyavu za huzuni za baba yake, kengele ya kanisa, anga la nyota, moyo wa mtoto aliye tumboni. Fanya hivyo hivyo, simu inatosha. Zima mtandao isije ikalia. Ivalishe soksi nene, maana upepo ukigonga maiki moja kwa moja utarudi na ngurumo tupu. Taja namba na mahali, kisha nyamaza dakika nzima. Dakika ni ndefu. Mara ya kwanza nilikohoa kwenye sekunde ya hamsini.

Mawimbi madogo niliyapata Corricella yakilamba tumbo la mashua. Nyavu pia, mvuvi alipozivuta juu ya saruji. Kengele nilivizia siku mbili. Upepo wa vichakani ni wa Pollara, kwenye kapari. Namba nane sikuwa na pa kuipata.

Iliyobaki ilikuwa ya saba, anga la nyota, ambayo ni kurekodi kimya. Kwa hiyo ilibidi giza liingie, na basi la mwisho nikaliona taa zake zikipanda kona bila mimi. Nikaketi kando ya barabara, nikabonyeza, nikasema "saba, Pollara", nikanyamaza. Ukiisikiliza leo, mwanzoni hakuna kitu, kuna mdudu mmoja tu mbali. Halafu injini ya pikapu inakuja, inapunguza mwendo, na sauti ya mzee inauliza kwa Kiitaliano kama nimepotea.