Ruzuku ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu: someni hapa kabla hamjanifuata inboksi

Wadau, naandika mara moja tu maana nimechoka, kila siku "mkuu ile ruzuku naipataje".

1. Soma tangazo lote, mpaka viambatisho.

2. Angalia kama unastahili. Nyingi zinalenga ushirika, taasisi isiyo ya faida, halmashauri au mjenzi aliyesajiliwa.

3. Hati ya kiwanja iwe kwa jina la taasisi, sio la mwenyekiti.

4. BOQ (orodha ya kazi na vifaa vyote na gharama zake) iandaliwe na mkadiriaji majengo, na msisahau maji, umeme na barabara ya kuingilia, hapo ndo bajeti nyingi zinapasukia. Ruzuku huwa haibebi gharama yote kwahiyo onyesha pengo utaliziba na nini, mkopo au michango.

5. USIANZE KAZI KABLA YA KUSAINI MKATABA. Hapa mimi niliungua. Tulipigiwa simu tukaambiwa mmepita, nikasema mvua inakuja ngoja tuwahi msingi, nikaita kijiko kikachimba mitaro siku mbili, hela ya ushirika wenyewe wala sio ya serikali. Afisa alipokuja hakuangalia hata mitaro, alichukua risiti ya kijiko akaweka kidole kwenye tarehe, akaniuliza mkataba mmesaini lini? Wiki tatu baadae. Gharama yote ya msingi ikakatwa na tathmini ya mazingira ikabidi isubiriwe upya huku mitaro imejaa maji kingo zinaporomoka. Na msidhani ukitumia hela yako unasalimika, Marekani kwa mfano, miradi yenye hela ya HUD (wizara yao ya nyumba na maendeleo ya miji) hairuhusiwi kununua kiwanja wala kuanza ujenzi kabla mapitio ya mazingira hayajakamilika, hata kwa hela isiyo ya serikali. Simu sio mkataba. Barua ya pongezi sio mkataba.

6. Malipo mara nyingi ni ya awamu, unajenga, mkaguzi anapita, ndo unalipwa. Uwe na hela ya kuzungusha, fundi hasubiri mkaguzi.

7. Masharti yanabaki baada ya ujenzi. Mpango wa HOME wa Marekani (ruzuku ya nyumba za bei nafuu), ulioanzishwa 1990, nyumba mpya ya kupangisha inabanwa kodi nafuu miaka 20.

MASWALI

Nataka_Nyumba: Mkuu mimi nataka kujijengea ya kwangu vyumba vitatu, naombaje?

Jibu: Namba 2.

Nataka_Nyumba: Nimesoma ila sijaelewa, si ungejibu tu

Jibu: Hujasoma. Kuna nchi zina mpango wa mtu mmoja mmoja, huo una fomu zake, ulizia ofisi ya nyumba. Hapa naongelea mradi.

Kijiko_Boy: Sasa kwani afisa angejuaje kama usingempa ile risiti?

Jibu: Ungetaka nifoji tarehe? Hiyo sio gharama kukatwa tena, hiyo ni kesi.

Bi_Hesabu: Asante kaka kwa somo. Hivi "kipato cha chini" wanakipimaje, maana kila mtu atasema hana hela?

Jibu: Dada umeuliza la maana. Wengi hawaangalii mshahara peke yake, wanalinganisha na wengine wa eneo lilelile. HUD wanachukua kipato cha kati cha eneo, kaya ikiwa chini ya asilimia 80 inahesabiwa kipato cha chini, chini ya 50 ni cha chini sana, na idadi ya watu ndani ya kaya inabadilisha kiwango. Kwahiyo ukiandika andiko usiseme tu "wananchi maskini", taja kundi lako liko wapi kwenye hicho kipimo na kodi utakayotoza wanaimudu vipi.

Bi_Hesabu: Nimekupata. Mi naongezea la risiti, zile za mashine zinafutika wino, ukaguzi ukija unashika karatasi nyeupe.

Jibu: Kweli kabisa, zipige picha siku hiyohiyo, ya kwangu ya kijiko ndo pekee haikufutika.