Fomula ikionekana yenyewe badala ya jibu

Ukiandika =SUM(A1:A10) kwenye Excel na seli ikaonyesha maneno hayohayo badala ya jumla, tazama kwanza umbizo (format) la seli. Mara nyingi limewekwa Text, kwa hiyo programu inaichukulia fomula kama maandishi tu. Bonyeza Ctrl+1, chagua General, kisha ubonyeze F2 na Enter. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau, halafu wanadhani dawa imeshindwa: kubadili umbizo peke yake hakuifanyi Excel iisome upya seli iliyokwisha kuandikwa. Kama ni safu nzima, usihangaike na seli mojamoja. Ukishabadili umbizo, ichague safu, bonyeza Ctrl+H, tafuta = na ubadilishe na = ileile; fomula zote zitaamka kwa mpigo.

Kubonyeza F2 na Enter hakutasaidia kama kuna nafasi au alama ya ' kabla ya =. Ifute kwanza. Na ikiwa laha (sheet) nzima inaonyesha fomula, basi umbizo halina kosa. Umewasha mwonekano wa fomula. Bonyeza Ctrl pamoja na ` kuuzima.