Mwili mzima unauma: njia za asili za kupunguza makali ya fibromialjia

Somo hili ni la wale ambao mwili unawauma kote kwa miezi mitatu au zaidi, wanaamka wamechoka kuliko walivyolala, wanasahau walichokuwa wakisema, na vipimo vinarudi safi. Kama hujapimwa, anzia huko. Tezi ya shingo iliyozorota, upungufu wa damu na baridi yabisi huleta maumivu yanayofanana na haya, na kila kimoja kina tiba yake. Fibromialjia yenyewe, yaani huu ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyokwisha, haina kipimo cha damu.

Hatua ya kwanza: mwendo
Wengi huanza na cha kunywa. Mimi nasema anzeni na miguu. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walipopitia tiba zote za ugonjwa huu, mazoezi pekee ndiyo waliyoyapendekeza kwa nguvu.

Sisi wa Mombasa tumejaliwa bahari, tuitumie. Maji ya kifuani hukubebea sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo magoti na kiuno hupata nafuu. Chagua siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, si za bamvua, inapopanda na kushuka sana; asubuhi kabla jua halijachachamaa. Vaa viatu vya mpira na usiende peke yako. Tembea sambamba na ufuo, kisigino kikitangulia, mikono ikipasua maji chini kwa chini. Wiki ya kwanza dakika tano zatosha. Toka ungali na nguvu.

Hapo ndipo wengi huharibu. Siku wakijihisi vizuri hufua, hupiga deki, hupitia soko la Kongowea wakarudi na vikapu viwili, kisha siku kadhaa hawainuki kitandani. Ongeza dakika moja au mbili kwa wiki, hata siku ambayo mwili unakudanganya kwamba umepona.

Hatua ya pili: joto na kukandwa
Pasha mafuta ya simsim au ya nazi yawe vuguvugu. Mkandaji atumie kiganja kizima, taratibu. Asikuchimbe kwa kidole gumba. Ukianza kujikunja, amezidisha, na mwambie bila haya. Faida huja kwa kurudia wiki baada ya wiki.

Hatua ya tatu: usingizi
Kahawa tungu ya baada ya magharibi, na kashata zake, tuiache. Muguka, yale majani ya kutafuna ya kuchangamsha, vilevile. Lala na uamke saa zilezile.

Hatua ya nne: mwendo wa pumzi
Taichi, mazoezi ya Kichina ya polepole, yalilinganishwa na mazoezi ya kawaida katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018; nafuu yake ilikuwa sawa au kubwa zaidi.

Manjano na tangawizi? Vitieni kwenye chakula kwa raha zenu, ila ushahidi kwa ugonjwa huu ni mdogo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze manjano ya vidonge bila kumuuliza daktari. Na unga usio na jina, unaoondoa maumivu yote kwa siku moja, uogopeni: baadhi huchanganywa kisirisiri na steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe.

Maswali ya wanachama

Sipendi kuingia baharini mbele za watu. Nifanyeje?
Si lazima, dadangu. Tembea kwenye bustani ya ufuoni ya Mama Ngina mapema, au nyumbani: simama na kuketi kitini mara tano, pumzika, rudia. Mwili hauulizi ulitembelea wapi.

Mama mkwe asema ni uvivu.
Pole sana, mwanangu. Maumivu yako ni ya kweli. Mishipa ya fahamu na ubongo hukuza maumivu, na picha ya eksirei haiwezi kulionyesha hilo. Nenda naye kliniki siku moja, ayasikie kwa daktari.

Vipi kuhusu kuumikwa?
Wapo wanaopata nafuu ya muda. Ushahidi ni haba. Ukienda, hakikisha wembe ni mpya na vikombe ni safi, na kama una upungufu wa damu, usitolewe damu.

Nikianza haya, niache vidonge vya hospitali?
La, kaka. Amitriptilini na pregabalini zikikatwa ghafla hukurudisha kwenye kukosa usingizi na wasiwasi. Endelea navyo, andika unavyolala na unavyoumwa kila siku, kisha mpelekee daktari daftari hilo akupunguzie kidogo kidogo.