Jinsi ya Kuwa Mtangazaji wa Mpira Redioni

Msikilizaji wa redio haoni chochote, na kasoro nyingi za watangazaji wanaoanza hutokana na kulisahau jambo hilo. Mtu hupaza sauti, "Anakosa!", bila kutaja aliyekosa, lango lililolengwa wala mahali mpira ulikotokea. BBC iliporusha kwa mara ya kwanza mechi ya soka moja kwa moja, tarehe 22 Januari 1927, Arsenal ikicheza na Sheffield United, jarida la Radio Times liliwachapishia wasikilizaji ramani ya uwanja uliogawanywa katika miraba minane, na sauti ya pili ikawa inataja namba ya mraba wenye mpira huku Teddy Wakelam akieleza mchezo. Siku hizi msikilizaji hana ramani mkononi, kwa hiyo ni lazima umchoree kwa maneno: mpira uko kwa beki wa kushoto, unavuka mstari wa kati, unamfikia winga wa kulia karibu na kibendera cha kona.

Ustadi huo hupatikana kwa mazoezi ya uwanjani. Kaa jukwaani kwenye mechi yoyote, hata ya vijana, ukiwa na simu ya kurekodia, utangaze dakika zote 45 za kipindi kimoja bila kukatisha. Sishauri kufanyia mazoezi mbele ya televisheni, kwa kuwa kamera hukuchagulia cha kutazama, ilhali kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Kesho yake jisikilize na uhesabu ni mara ngapi umetaja matokeo na dakika ya mchezo. Red Barber, aliyekuwa akitangaza besiboli nchini Marekani, aliweka mbele yake kipima muda cha mchanga cha dakika tatu, na kila mchanga ulipokwisha alitaja matokeo kisha akakigeuza. Hadi leo sijaona mbinu iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kabla ya mechi, andika vikosi kwenye karatasi moja kwa mpangilio wa uchezaji, namba ya jezi kando ya kila jina, na uwaulize watu wa timu namna majina magumu yanavyotamkwa. Takwimu utakazokusanya nyingi hutazitumia, nawe usizilazimishe.

Sauti nayo ina akiba yake. Ukipiga kelele dakika ya tano kwa pasi ya kawaida, bao litakapoingia hutakuwa na pa kupanda. Bao likifungwa, taja mfungaji na matokeo, kisha nyamaza kidogo ili kelele za mashabiki zisikike. Ukiwa na mchambuzi, wewe eleza kinachotokea, naye aeleze sababu yake mpira unapokuwa umesimama. Ukikosea jina, sahihisha papo hapo na uendelee.

Kazi yenyewe kwa kawaida huanzia kwenye kituo kidogo, kwa kusoma habari za michezo na kuripoti kutoka kando ya uwanja. Mhariri wa michezo mpelekee rekodi ya dakika tatu hadi tano zisizokatwakatwa, na usimchagulie mabao matupu: mwekee na kipande ambacho mchezo umepoa, kwani hapo ndipo atakapojua kama unaweza kumshikilia msikilizaji asibadilishe kituo.