Kufunga kibanda cha bati kisiondoke na upepo wa ziwani

Upepo unaotangulia mvua ya ziwani hausukumi kibanda tu, hukinyanyua. Ukivuma kilomita 100 kwa saa, nguvu yake ni kama kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 3 kwa 3 linaweza kuvutwa juu kwa zaidi ya kilo 400, na mlango ukifunguka upepo ukajaa ndani, zinapita 600. Kibanda chenyewe mara nyingi hakifiki kilo 200. Mawe ya juu ya paa hayajashikwa na chochote. Bati likianza kucheza yanawaporomokea wapita njia.

Kwenye mchanga, vipande vya nondo vilivyogongwa nusu mita vinadanganya. Siku ya kwanza vinashika, lakini kila kibanda kikitikisika tundu linapanuka, mwisho vinachomoka kama msumari kwenye mbao mbichi. Chimba shimo kila pembe, sentimita 40 kwa 40, kina 60. Zege la moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) litakula mifuko mitatu ya saruji kwa mashimo yote, na kila kitako kitakuwa na kilo 230 hivi. Kabla ya kuchimba, pima mita 60 kutoka ukingo wa maji: ndani ya hapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, na zege halihamishiki.

Zamisha kwenye zege bolti ya milimita 12 iliyokunjwa ndoano chini, urefu sentimita 40, uzi ubaki juu. Uso wa zege uinuke kidogo kuliko ardhi na uwe na mteremko. Maji yakituama hapo bolti inaliwa na kutu shingoni, usipoona. Mwagilia siku saba ndipo ukaze.

Usichomelee nondo moja kwa moja kwenye bomba jembamba la fremu. Moto unalitoboa, na hapohapo ndipo litakapochanika. Chomelea kwanza sahani ya chuma, unene milimita 6, kwenye mguu, pitisha bolti, weka washa pana na nati mbili, ya pili ibane ya kwanza.

Kwenye milima ya mawe ya Mwanza, kama Igogo na Bugarika, huchimbi, unatoboa mwamba. Ugonge kwanza kwa nyundo: ukilia kama kengele ni mzima; ukilia kama debe tupu, tabaka limeachana, sogea. Kwa bolti ya gundi ya milimita 12, toboa tundu la milimita 14, kina sentimita 11 au zaidi, kisha pigia mswaki na upulize vumbi lote. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi, haishiki jiwe.

Juu, skrubu zenye washa za mpira zikae kwenye mgongo wa bati: kingoni kila mgongo, katikati unaweza kuruka mmoja. Mlango uwe na komeo juu na chini. Baada ya dhoruba ya kwanza pita na spana; nati za miguu huwa zimelegea.